Kiro na Kilo

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya wakulima, kaunta ya kiwanda kimoja cha kahawa, Thika. Fundi wa kompyuta, dada kutoka Ruiru, alikuwa ameleta disketi yenye programu ya kutafsiri programu: unaipa iliyoandikwa kwa lugha ya zamani ya kompyuta, inakutolea ya lugha mpya. Ikakwama.

"Mzee, KIRO ni nini?" akamuuliza karani aliyeandika ile ya zamani.

"Si kiro za kahawa?"

"Na hii KILO?"

"Hiyo pia ni kiro."

Tulicheka foleni nzima; lugha ya nyumbani kwetu haitofautishi R na L. Fundi hakucheka. Alisema lugha ya zamani, ikikutana na jina isilolijua, huhesabu sifuri na kuendelea kimya. Na penye kujumlisha uzito wa gunia la mwisho la kila mkulima, karani alikuwa ameandika KIRO badala ya KILO.

"Ngai!" Mama aliyekuwa mbele yangu akaipiga kaunta kofi. "Gunia langu! Na mkaniambia sijui kuhesabu!"

"Mama, tutalirudisha," karani akasema. Aliomba kiti, akafuta R, akaandika L, huku akijisomea kwa sauti: "Kiro."

Mashine ikakubali. Kumbe tulihitaji asiye na masikio ndipo kosa letu lisikike.