Mwaridi Uliolipiwa Langoni

Ni asubuhi ya Septemba, majira ya machipuko hapa Limache, nchini Chile, na umande haujakauka. Bi Eduvina Olmos ameinama uani kwake, kisu mkononi. Anakata tawi changa la jeraniamu chini kidogo ya kifundo, anapunguza majani, analichomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kulifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.

Nyuma yake jirani yake, mzee Baudilio, anajifanya kutazama mawingu. Mkono wake unavunja kitawi cha ua jingine na kukitia mfukoni.

"Mwizi mkubwa wewe!" anasema Bi Eduvina bila kugeuka.

"Umeniona wapi, una macho kisogoni?"

"Haya, sijaona. Nenda zako, na ole wako unishukuru!"

Ndivyo tulivyo huku. Mche wa kuomba haushiki mizizi, tunaamini. Wa kuiba hushika. Kazi ya mwenye bustani ni kuangalia pembeni.

Bi Eduvina, mwenye miaka sitini na minane, huuza miche sokoni kila Jumamosi, peso elfu mbili kwa kopo. Wateja bado wanaulizia mwaridi wake mweupe, ule uliopandwa langoni na marehemu mama yake. Haupo tena.

"Nimeumaliza mwenyewe," anasema. "Kila machipuko watu waliutaka, nami nikakata tu. Sikuuachia hata tawi la kupumulia. Kiangazi kilipoingia, ukakauka."

Lakini kinachomtafuna zaidi ni jambo la kabla ya hapo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza biashara. Mdogo wake, Nolfa, alikuja kunywa chai, na alipoaga akakata kitawi cha mwaridi huo, kama afanyavyo kila mtu. Bi Eduvina akamfuata hadi langoni, mbele ya majirani.

"Nikamwambia, 'Siku hizi hapa watu wananunua.' Mdogo wangu, tumbo moja! Na mwaridi wenyewe wa mama yetu!"

Kwa watu wa hapa, hayo ni kama kumtemea mtu mate. Nolfa aliweka sarafu juu ya ukuta, akaondoka na kitawi chake, na hajakanyaga tena hapo.

"Na mimi nikaziokota," anasema Bi Eduvina.

Kitawi kile kilishika. Leo matawi yake yananing'inia juu ya uzio wa Nolfa, mtaa wa tatu kutoka hapa, yamejaa maua meupe.

Kwa nini asimwombe kitawi cha kuanzia upya?

"Nikiomba atanipa, kwa adabu tu, kama anavyompa mpita njia. Mimi nataka niibe."

Jumapili hii ataoka mkate, achume maparachichi, aende kubisha hodi. Kisu kitakuwa kwenye mfuko wa aproni.

"Wakati wa kuaga nitasimama pale kwenye mwaridi. Akiangalia pembeni, nitajua yameisha."

Na akimkazia macho?

Bi Eduvina anafuta kisu kwenye sketi yake, taratibu, pande zote mbili.

"Basi ataje bei," anasema. "Nitalipa."