Bata Niliyemwahi

Mjukuu wangu anaamini kwamba nilipenda ndege tangu utotoni. Sijui nani alimwambia hivyo. Nadhani ni mimi.

Ukweli ni kwamba nilizaliwa na kukulia Mombasa, kando ya maji, na sikumbuki kumtazama ndege yeyote isipokuwa alikuwa ananiibia kitu au nilikuwa nataka kumla. Kunguru tuliwarushia mawe. Njiwa tuliwafikiria pamoja na sufuria. Walikuwepo watu mjini kwetu waliojua kila ndege kwa jina na kwa sauti, lakini mimi sikukaa nao. Nilimaliza kidato cha nne nikijua kwamba kila ndege mweupe wa baharini ni membe, na kila anayeelea ni bata. Elimu hiyo ilinitosha mpaka nikafika Texas.

Kwa miaka mingi niliendesha gari Dallas, nikipeleka abiria uwanja wa ndege. Hakuna abiria wangu aliyechelewa. Mambo yangu mwenyewe niliyachelewa yote: binti yangu alipomaliza chuo nilifika watu wanakunja viti, na mke wangu alipolazwa mara ya mwisho nilikuwa njiani na mzigo wa mtu. Alipofariki nilihamia Alief, huku Houston, kwa sababu nilipata nyumba ya chini isiyo na ngazi, na magoti yangu hayataki tena mjadala. Binti yangu alibaki Plano, karibu na Dallas, anafanya kazi ofisini. Halafu mwaka jana niligonga nguzo mbele ya duka moja Stafford. Nguzo ilikuwepo pale kabla yangu, hilo nakubali. Binti yangu alisafiri kutoka Plano kwa ajili ya jambo moja tu, kuchukua funguo za gari.

Mtu asiye na gari Alief ni kama kabati. Anasubiri aliye na nguvu aje kumsogeza. Ijumaa jirani hunipeleka msikitini, na siku nyingine natazama maegesho dirishani. Kwa hiyo mjukuu wangu, anayesoma chuo hapa hapa Houston, aliponiambia kwamba Jumamosi anaenda Galveston kutazama ndege wa majira ya baridi, nilikuwa nimevaa viatu kabla hajamaliza.

"Uta-get bored, Babu," alisema.

"Mimi? Mimi na ndege?" Nilisema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpenzi wa ndege. Angesema anaenda kutazama matairi, ningekuwa mpenzi wa matairi.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Ndege hao hutoka Kanada kuja kupumzika Texas, kama wafanyavyo wazee wa Kanada wenyewe, na wote hulalamikia baridi wakifika. Bandari ya Galveston wakati huo ina upepo unaoingia mpaka kwenye meno. Mashua za kuvulia kamba zimefungwa gatini, na juu ya kila nguzo amekaa ndege mwari mmoja, domo kifuani, kama mzee wa baraza aliyekosa habari mpya. Mjukuu wangu ananipa darubini na kunionyesha. Mimi nasema mashallah. Yeye anauliza, "Huyu kwa Kiswahili ni nani?" Nami najibu membe, au bata, kutegemea kama miguu yake inaonekana.

Pale bandarini tulimkuta mama mmoja Mmarekani, mstaafu, mwenye koti la mifuko mingi kuliko vitu alivyonavyo. Alifurahi sana aliposikia natoka Afrika. Akaniuliza ndege wa kwetu wakoje, nikamwambia ni wengi. Siku hiyo ya kwanza nilimtambulisha mjukuu wangu kama babu yeyote wa kwetu anavyofanya: nilisema, huyu ndiye mke wangu. Tabasamu la yule mama liligandia pale pale usoni.

Ndani ya gari mjukuu wangu aliniambia, "Babu, hapa huwezi kusema hivyo."

"Ni utani."

"Najua ni utani. Polisi hawajui."

Tangu hapo namwita mjukuu, kama tuko kwa karani wa mahakama. Yeye naye aliacha kuniita mume wangu, jina alilofundishwa na bibi yake kabla hajajua kutembea. Utani wenyewe ukaisha. Nilisema ni sawa. Haikuwa sawa, lakini Jumamosi zilikuwepo, na mzee hachagui sana.

Sasa niseme habari ya bata.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu. Tulikuwa mwisho wa gati, mahali mawe yanaposhuka majini, na mjukuu wangu akamwona bata mwenye kichwa chekundu kama kutu, amelala kando ya mawe. Uzi wa mshipi wa mvuvi fulani ulikuwa umemzunguka bawa na shingo. Tukashuka, mjukuu mbele, mimi nyuma na magoti yangu. Akamwinua. Bawa moja lilining'inia, mdomo ulikuwa wazi, na pumzi zilikuwa zikija kwa kuvutana. Yule mama alikuja mbio, akapiga simu kwa watu wanaotibu ndege, wakasema wanakuja. Akapanda barabarani kuwangojea, wasije wakapotea. Mjukuu wangu akasema anakimbilia garini kuchukua taulo na boksi.

"Babu, mshike. Usi-do anything. Mshike tu."

Nikamshika.

Alikuwa na joto kuliko nilivyotarajia. Nilimtazama, naye akanitazama kwa jicho moja la manjano. Halafu lile jicho likaanza kufumba, na shingo ikalegea juu ya mkono wangu. Mimi nimeona kuku wengi wakikata roho, na nikasema moyoni, huyu anakwenda. Kwetu mnyama akifa mkononi mwako na wewe una kisu mfukoni, umempoteza mara mbili. Na kisu nilikuwa nacho, kisu kidogo cha kukunja, cha kumenyea machungwa tunayokula bandarini. Kibla cha Texas nakijua vizuri, kwa sababu nimeswali katika maegesho yote ya Dallas: ni kaskazini-mashariki. Pale ilikuwa upande wa meli zinazoingia. Nikamgeuza bata, nikataja jina la Mungu, na nikamwahi.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwahi jambo.

Mjukuu wangu alirudi na boksi. Alikuwa amelitoboa matundu ya hewa.

"Babu," alisema. "Babu, ume-do nini?"

"Nimemwahi, mama. Alikuwa bado yu hai. Ni halali."

"Halali?"

"Halali kabisa."

"Babu, kuna watu wako kwa njia! Wanakuja kum-fix!" Akakaa juu ya jiwe, boksi mapajani, na akalia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, bila kuficha uso. Mimi nilisimama na bata mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono wa pili. Ule mfuko niliutoa wapi? Ulikuwa wa machungwa. Nilikuwa nimeshaumwaga.

Yule mama alishuka, akaona, akasema "Oh." Wamarekani wana "Oh" moja ndefu, ya adabu, ambayo ni afadhali utukanwe.

Simu ya yule mama ililia; ni wale watu wa kutibu ndege. Mjukuu wangu akafuta uso, akaiomba na kuipokea. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza safi kwamba wasihangaike tena, bata hakuweza kupona, amekufa. Hakunitazama akisema hivyo. Yule mama alitazama bahari. Mtoto yule, ambaye hata bei ya nguo hamdanganyi mtu, alidanganya kwa ajili yangu, na alidanganya vizuri. Nadhani hilo nalo ni la ukoo.

Nilidhani angalau tungeondoka na bata. Mjukuu wangu alisema hawezi kuingia garini mwake. Yule mama akaeleza, kwa upole, kwamba bata wa porini hapa ana sheria zake, na mtu hawezi kumbeba tu kama amemnunua dukani. Tumwache kwenye majani, kuna wengine watakaomhitaji. Tulipofika kwenye gari niligeuka, na wale waliomhitaji walikuwa wamekwisha kufika: tumbusi wawili, wakitembea kwa heshima kama waliotumwa na serikali ya mtaa. Nilimchinja asiwe mzoga, na akawa mzoga.

Kutoka Galveston mpaka Alief mjukuu wangu hakusema neno. Kawaida hunidhihaki nikisinzia, kwamba nakoroma kwa Kiswahili. Siku hiyo sikusinzia, na hakuwa na cha kudhihaki. Mlangoni alisema, "Kwaheri, Babu." Hakusema Jumamosi.

Wiki ile niliijua Alief vizuri sana. Kulikuwa na gari moja jeupe mbele ya dirisha langu ambalo halikuondoka kabisa, nikaanza kulipenda.

Katikati ya wiki binti yangu alipiga simu kutoka Plano.

"Baba, kweli umechinja bata wa serikali?"

"Nani amekwambia?"

"Nani mwingine? Hebu kaa mbali na dirisha, wasije wakachukua uraia." Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Alilia sana, Baba."

"Alikuwa anakufa."

"Nani, mwanangu?"

"Bata."

"Sawa. Basi niambie kitu kimoja. Ulimchinja kwa huruma, au ulitaka mchuzi?"

Nilikuwa nimeandaa utetezi mzima, wenye dini ndani yake, na huruma, na uzoefu wa miaka. Swali hilo halikuwemo. Nikafikiria. Wakati wa kisu, naapa, ilikuwa huruma. Lakini wakati wa mfuko nilikuwa nimekwisha fika kwenye nazi. Nilikuwa nimekwisha amua ni moja au mbili.

"Mwambie mwanao..." nilianza.

"Mimi simwambii kitu. Mama alikubebea salamu zako zote, na mimi nimezibeba. Nambari yake unayo. Mpigie."

Ni kweli. Kama kuna samahani niliyowahi kuomba, iliombwa na mtu mwingine, mimi nikiwa garini na injini inawaka. Nilishika simu muda mrefu. Nilipika chai, nikainywa, nikaishika tena. Nilipopiga, alipokea upesi, nikakosa hata nafasi ya kukohoa.

"Babu."

"Nimekosa, mjukuu wangu."

"Umekosa nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba amelelewa Marekani. Kwetu ukisema nimekosa, mwenzako anasema yamekwisha, na wote mnashukuru kwamba hakuna aliyetaja jambo lenyewe. Huyu alitaka lenyewe.

"Uliniambia nimshike tu," nilisema. "Sikumshika."

Nilisikia mtu akicheka huko bwenini kwao.

"Angepona?" niliuliza.

"I don't know. Maybe. Labda hapana." Akavuta pumzi. "Lakini sasa hatuwezi kujua, Babu. That's the thing."

"Na nilitaka kumtia nazi."

"I know. Niliona mfuko."

"Basi."

"Nina mtihani," alisema. "Sijui kuhusu Jumamosi."

Sikuuliza ni mtihani gani, na kwangu hiyo ni kazi. Tukaagana.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti mbele ya mlango tangu baada ya alfajiri, nimevaa koti, machungwa kwenye mfuko. Jirani alipita akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia nasubiri gari. Akaniuliza gari la saa ngapi, nikamwambia sijui kama lipo. Akanitazama, akaenda kazini.

Lilikuja jua likiwa limepanda. Alishusha kioo, akatoa mkono nje, kiganja juu.

"Kisu."

"Nimekiacha ndani."

"Geuza mifuko."

Nikageuza mifuko, yote, ya koti na ya suruali, mbele ya majirani wa Alief, kama abiria niliokuwa nikiwapeleka uwanja wa ndege. Kulikuwa na tishu, tasbihi, na pipi ya zamani. Akaikagua pipi pia.

Bandarini yule mama alitusalimu kwa uangalifu na kusogeza begi lake kidogo, au labda nilidhani. Mwari walikuwa palepale kwenye nguzo zao. Mbele kidogo kundi la bata lilielea, na wengi wao walikuwa na vichwa vyekundu kama kutu. Nilipewa darubini nikawatazama. Walikuwa wanene.

Machungwa tulimenya kwa kucha, na mjukuu wangu hajui kumenya, anararua. Alikuwa amefika nusu, maji ya chungwa yakimtiririka mpaka kwenye mkono wa sweta, mara akaona kitu kwenye maji na kutaka darubini.

"Haya, mume wangu," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili yule mama asielewe. "Shika hii. Shika tu."

Akanitia lile chungwa mkononi. Upepo ulikuwa mkali, na chungwa lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Yeye akaenda na darubini mpaka mwisho wa gati, akakaa huko muda mrefu. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Nikashika.