Diwani Mstaafu Atafuta Mjumbe Wake

Jumanne nilikuwa ofisi ya kata hapa Mbeya nikingoja muhuri, mzee mmoja mwenye koti zito akaingia kuomba barua ya utambulisho.

"Shikamoo, mzee. Unaishi mtaa gani?" karani akamuuliza.

Mzee akataja mtaa wenye jina lake mwenyewe.

"Barua ya mjumbe wa nyumba kumi unayo?"

"Mwanangu, mimi nilijenga hapa pakiwa na mahindi na fisi tu. Nimekuwa diwani wenu vipindi vitatu!"

"Sawa, mzee, ila bila barua ya mjumbe sikuhudumii. Ndiyo utaratibu."

"Kauweka nani huo utaratibu?"

Karani akanyoosha kalamu ukutani, kwenye tangazo lililofubaa: ASIYE NA BARUA YA MJUMBE ASIHUDUMIWE. Chini yake, saini ya diwani.

Mzee akavaa miwani, akaisoma saini yake taratibu. Miaka yote nimeona amri zikitukamata sisi; siku hiyo, amri moja ilimkumbuka baba yake.

Akatugeukia sisi wa kwenye benchi. "Hivi mjumbe wetu siku hizi ni nani?"

Mama mmoja akamjibu kwa adabu zote, "Ni yule mpangaji wako, mzee. Uliyemkatia umeme jana."