Nyumba Iliyolishwa Moshi

Wiki iliyopita nilikuwa Kang'ata, nimesimama ndani ya nyumba ya bibi, na kidole gumba changu kikazama kwenye nguzo. Hebu fikiria, nguzo ya mti mgumu aliyoisimika babu mwenyewe kabla ya Uhuru, imekuwa unga. Fundi akaguna. Nilitamani kulia, nikaishia kufoka, na wa kumfokea nikamkosa, maana kosa ni langu.

Wakati wa Ujamaa tulihamishwa sote tukapangwa kando ya barabara, nyumba mistari mistari kama matuta ya viazi. Nyumba ya bibi ikabaki kule shambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Majirani waling'oa milango na fito zao wakaondoka navyo. Bibi hakung'oa hata kigingi. Alikuwa na hakika kwamba iko siku atarudi, na alitaka aikute imesimama.

Basi kila Jumamosi, wenzangu wakicheza rede, mimi msichana wa miaka tisa natwishwa kuni, tunakwenda kupika kwenye nyumba isiyo na mtu. Tena ndani, mlango umefungwa! Tulisonga bada, ule ugali wetu wa muhogo, tukachemsha na mlenda, huku moshi umejaa hadi sufuria siioni. Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, nanung'unika kwamba kijijini nako kuna jiko. Bibi hakuwa na subira na maneno yangu.

"Wewe koka moto. Mchwa hawali mti wenye moshi. Tukiacha masika mawili tu, hapa hamna nyumba."

Siku moja katibu wa kijiji aliuona ule moshi, akaja amekunja uso.

"Shikamoo, bibi. Si tulisema watu wote wameshahama huku?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimehama. Nyumba ndiyo imekataa."

Alijitahidi kukasirika, akashindwa. Akanawa mikono, akala bada, akaondoka akipikicha macho.

Ilichukua miaka, lakini bibi alirudi kwake, akazikuta nguzo zote nzima. Alifia humo. Shangazi akaendelea kupika palepale mpaka wanawe walipokuja kumchukua.

Ndipo nikaja mimi, mstaafu mwenye kiherehere cha ukarabati. Nilitaka wajukuu waione nyumba ya wazee wao. Nikamwambia fundi aezeke upya, akandike kuta, halafu, Mungu anisamehe, asugue masizi yote kwenye nguzo na boriti za paa. Yale masizi mazito, meusi ya kung'aa, niliyaona uchafu. Tulisugua kwa brashi na sabuni siku nne, mti ukatakata, tukapaka vanishi, nikapiga picha. Jiko nikalihamishia nje nisije nikaharibu kazi nzuri. Masika mawili yakapita, na wiki iliyopita ndipo kidole kikazama kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa.

Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyenificha. Niliambiwa kila Jumamosi, na moto niliukoka kwa mikono yangu. Nilichobaki nacho ni harufu ya moshi. Kazi yake niliisahau. Na leo nikitaka kuuliza ni kuni zipi, na moto wa kiasi gani, wa kumuuliza sina. Waliojua wamekwisha, na waliobaki wanapika nje au kwa gesi.

"Mama, hapa hakuna cha kukarabati," fundi alisema.

Niliizunguka nyumba mara mbili nikibonyeza nguzo moja moja, nikitafuta walau iliyo nzima. Kisha nikamwambia abomoe.