Tundu Ndani ya Mpini

Wako watu wa kulaumiwa katika habari hii, na nitawataja kwa kazi zao. Majina yao nnayo, lakini nitayaacha, kwa kuwa wengine wana watoto hapa mjini na watoto hawana kosa. Kuna shemeji zake yule bibi. Kuna fundi cherehani aliyekuwa jirani yangu pale kazini. Kuna ami wa bwana harusi. Miaka mingi nimekaa nikiwapanga na kuwapangua hawa, huyu mbele, yule nyuma, ili nisifike kwangu mwenyewe. Mara hii nataka nifike.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Unguja, kabla watu wa mtaa mmoja hawajaanza kuulizana chama. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na kazi yangu ilikuwa kutia mipini. Visu, majembe, mashoka ya kupasulia kuni, hata miavuli. Skuli nilikaa miaka miwili tu, nikatoka, nikawekwa kwa marehemu fundi wangu, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono inayonuka sandarusi, ule utomvu wa kugandishia mipini. Alipokufa nikairithi nafasi yake, kijichumba chini ya ngazi za nyumba moja karibu na Darajani, hata kusimama wima huwezi. Lakini nilijiona fundi. Tatizo langu lilianzia hapo. Nilijiona.

Marehemu alinifundisha mengi, na moja alilisema kila siku mpaka likanichosha. Akifungua mpini wa chombo cha mtu, akiona ndani pana kutu, au pana kiraka, au chuma kimepachikwa vipande viwili, hasemi. Hata mwenyewe hamwambii, seuze mtu wa nje. "Anajua," alikuwa akiniambia. "Kama hajui, basi yuko aliyetaka asijue." Nikiitika "Naam," na moyoni nikisema, mzee huyu ana maneno mengi.

Mtaani kwetu alikuwako bibi mmoja mjane, hana mtoto. Hana nyumba yake, alikaa chumba cha chini kwa hisani ya watu. Kitu alichokuwa nacho ni upanga. Upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili na mpini mwembamba, wa namna ya zile panga za zamani za Maskati, na watu wakisema umekuja na babu wa babu wa marehemu mumewe, kabla Ngome ya mjini haijajengwa. Kila kijana wa mtaa akioa, alikuwa hatoki mlangoni kwao mpaka bibi yule aje na upanga wake, amfunge kiunoni kwa mkono wake mwenyewe juu ya joho. Bwana harusi anamwinamia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, Mungu akustiri." Hapo vigelegele, na dufu zinaanza. Halafu bibi anachukuliwa kwenye mkeka wa mbele wa wanawake, anakaa juu kuliko wenye nyumba. Siku hiyo hakuwa mjane wa chumba cha chini. Kwa siku hiyo moja alikuwa mtu ambaye bila yeye harusi haiendi.

Basi, katika harusi moja, vijana walicheza razha, ile ngoma ya panga, na ule upanga. Mmoja aliurusha juu, unazunguka, unametameta, akaukosa. Ukaangukia mpini kwenye jiwe la baraza. Mti ukapasuka, ngozi ikachanika, kichwa cha mpini kikawa kinacheza kama jino la mtoto.

Bibi aliniletea, kaufunga ndani ya kanga kukuu. Ilikuwa siku ya Jumamosi, na Ijumaa inayofuata kulikuwa na harusi kubwa, ya mtoto wa ukoo wenye duka la vitambaa.

"Mwanangu," alisema, "nnataka unifungie. Zungusha ngozi juu kwa juu, basi. Usifungue ndani."

"Bibi, mti umepasuka. Nikifunga juu kwa juu utacheza tena."

"Na ucheze. Weye funga tu."

"Haya bibi."

"Hufungui?"

"Sifungui."

Akaniangalia kidogo, akaweka buibui lake sawa, akaenda zake.

Nilifungua. Nitasema nini? Nilijiambia kuwa naogopa Ijumaa upanga usije ukatoka mpinini ukamuumiza mtu. Uongo. Nilitaka kuona. Upanga wa babu wa babu, mimi kijana wa chini ya ngazi, nani mwingine atauona ndani yake? Nikaing'oa ile misumari mitatu ya shaba, nikapasha moto sandarusi ya zamani mpaka ikalainika, nikauchomoa mti.

Kwenye mkia wa upanga, pale panapofichwa na mpini, palikuwa na tundu. La duara, safi, limetobolewa kwa mashine. Nililijua mara moja, na fundi yeyote wa mitaa ya Ng'ambo angelijua. Gari la mzigo lina yale mabapa ya springi chini yake, na kila bapa lina tundu katikati la kupitishia bolti. Mfua chuma akitaka chuma kizuri huchukua bapa hilo. Aliyeufua upanga huu alilikata bapa karibu na tundu, akalinyoosha, akalinoa, na tundu akaliacha palepale, kwa kuwa mpini utalifunika. Upanga wa kabla ya Ngome ulikuwa na umri mdogo kuliko gari la kwanza la kisiwa hiki. Ulikuwa mwigo.

Na sandarusi ile, na ile misumari mitatu iliyopigwa kwa mshazari, nilivijua pia. Ilikuwa kazi ya fundi wangu.

Hapo mtu mwenye akili angerudisha mti akanyamaza. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na fundi cherehani wa chumba cha pili akauliza, "Yakhe, unacheka na nani humo?"

Nikamwita. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi na tepu shingoni. Nikamwonyesha tundu. Nilimweleza springi, bolti, kila kitu, kama mwalimu. Nilitaka anione kuwa mimi ndiye ninayejua vyuma mtaa mzima. Yeye wiki ile alikuwa akishona joho la bwana harusi yule yule. Nilijua hilo. Joho lenyewe lilikuwa likining'inia mlangoni kwake, naliona nilipokaa.

"Usimwambie mtu," nikamwambia.

"Mimi? Mimi mdomo wangu umeshonwa," akajibu, akajipitisha kidole midomoni.

Kesho yake asubuhi ami wa bwana harusi alinisimamia mlangoni. Mtu mzima, kanzu imenyooka, bakora ya fedha. Hakuwahi hata siku moja kuitikia salamu yangu vizuri, na siku hiyo alinianza yeye.

"Fundi, hujambo fundi? Hebu nione hicho kioja."

Ningeweza kumwambia upanga nimeshaurudisha. Ningeweza kumwambia hana haki ya kuona, si wake. Aliniita fundi mara mbili, nikautoa. Nilikuwa bado sijaufunga. Akaushika, akatia kidole chake kidogo ndani ya tundu, akakizungusha.

"Lahaula! Kwa hiyo marehemu baba yangu mimi alioa na gari?"

Cherehani akacheka. Mimi nikacheka. Wapita njia wakasimama.

Kufika Alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwenye baraza ya kahawa walimpa jina, Bi Lori. Alipopita kwenda kisimani, mmoja alifumba mkono mdomoni akapiga honi, "Piiip! Pisheni, mzigo huo!" Watu wazima hao, wenye ndevu, waliofungwa upanga ule ule viunoni mwao na mkono ule ule. Ami akatuma mtu kumwambia bibi asijisumbue Ijumaa, wamepata upanga mwingine kutoka mtaa wa Malindi, ahsante.

Usiku nilikuta mama hakunipakulia chakula. Alikuwa kakaa juu ya kibao cha mbuzi, nazi iko mkononi hajaianza.

"Upanga wa kweli unajua uko wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Shemeji zake waliuchukua. Siku alipotoka eda, hawakungoja hata ya pili. Walikuja wawili, wakauteremsha ukutani, ati mali ya ukoo haikai kwa mwanamke. Wakaenda nao kwao na hawakurudi. Na wiki ile kulikuwa na harusi. Harusi ya dada yako! Bibi wa watu alilia hapa, hapa kwenye mkeka huu. Akatoka fundi wako akasema, niachieni mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Wanawake wote wa mtaa huu tunajua. Tangu hujabalehe. Tunapiga vigelegele tunajua. Mimi nilimshikia taa fundi wako akipiga msumari. Umesikia hata siku moja neno?"

Sikuwa nimesikia. Nyumba zote zile, ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha, mtu akikohoa unajua ni nani, na miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyelitoa. Mimi sikumaliza hata asubuhi moja nalo.

Niliyoyafanya siku zilizofuata nayaona ya aibu zaidi, ingawa kwa mtu wa nje ni kazi njema tu. Nilichonga mpini mpya wa mfenesi, nikaupiga msasa mpaka ukawa kama kucha. Nikamimina sandarusi safi, nikapiga misumari mitatu, nikazungusha ngozi ya mbuzi laini, nikaisuka kwa uzi wa fedha niliouweka kwa kazi nyingine. Sijapata kufanya kazi kama ile tena. Nilifikiri mpini ukipendeza sana, pengine watarudi kumwita. Nilifikiri ujinga kama huo kweli.

Alikuja Alhamisi, kabla ya adhana ya Adhuhuri. Sikutegemea. Nilidhani atamtuma mtu. Aliingia akiinama, akakaa juu ya kigogo wanachokalia wateja, akapumua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umemaliza?"

Nikampa. Aliushika mpini kwa mikono miwili akautikisa kwa nguvu, vile vile kama marehemu alivyokuwa akijaribu kazi yake.

"Hauchezi," akasema.

"Hauchezi, bibi."

Akapitisha kidole gumba juu ya ngozi, juu ya uzi wa fedha, akafika kwenye misumari. Akasimamisha kidole hapo. Halafu akaniuliza, polepole, bila hasira yoyote:

"Ulifungua?"

Mti ulikuwa mpya. Kipofu angejua. Mtaa mzima ulikuwa unapiga honi. Jirani yangu cherehani alikuwa amesimamisha mashine yake ili asikie. Bibi alijua, mimi nilijua, na nilijua kuwa anajua. Naamini alikuwa ananipa nafasi. Alichotaka ni mtu mmoja wa kusema mbele yake, ndiyo, nilifungua, nimekukosea.

"La bibi," nikasema. "Sikufungua."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

"Haya. Ahsante mwanangu."

Akaufunga ndani ya kanga, akainuka, akatoka. Hakufika mbali. Kwenye kona wakampigia honi, wawili kwa pamoja, na mimi nikainama chini ya meza nikitafuta msumari ambao haukuanguka. Nilikaa huko chini mpaka honi zikanyamaza.

Siku ya harusi hakutoka. Mwezi haukuisha akahamia Bwejuu kwa mtoto wa kaka yake, na mtaa wetu ukawa unaazima upanga Malindi. Baadaye, mwaka wa sitini na nne, yakaja mambo makubwa yaliyowachukua wengi, ami na duka lake, cherehani naye akapanda meli, baraza ya kahawa ikabaki jiwe tupu. Nimenusurika, sijui kwa nini mimi. Watu husema walionusurika wana bahati. Mimi nimebaki na mtu mmoja wa kumwomba radhi, na alikaa Bwejuu miaka tisa akiwa hai, na gari lilikuwa likienda kila siku asubuhi.

Sikwenda. Kila nilipojiandaa niliona kigogo kile, na yeye amekaa, ananiuliza tena lile swali lake. Na sikuwa na hakika kuwa safari hii nitajibu vingine.