Safu Tatu za Wajukuu

Nina watoto watatu na wote wamehamia Ulaya: mmoja yuko Ujerumani, mmoja Uholanzi, mmoja Swideni. Wajukuu ninao watano, na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Wazazi wao huniambia watajifunza tu, na huu ni mwaka wa sita wananiambia hivyo.

Basi nikanunua daftari kubwa. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na kuchora safu naweza hata nikifumba macho. Kila asubuhi nikishafagia uwanja nilikaa barazani hapa Chamazi na simu yangu, nikipanga maneno yanayofanana katika lugha hizo tatu. Mkono: Hand, hand, hand. Maji: Wasser, water, vatten. Yalikuwa ndugu wanaojuana, kuliko wanangu ambao kupigiana simu ni kwa nadra.

Neno nililolitaka hasa lilikuwa mume. Jirani yangu humpokea mjukuu wake akitoka shule, "Mume wangu huyo, leo umeniletea nini?" Mtoto humjibu, "Sikuoi, umezeeka." Wanacheka, na mimi upande wa pili wa ukuta naona wivu. Sijui namna nyingine ya kumpenda mjukuu.

Nikalipata: Mann, man, man. Neno moja kwa nyumba zote tatu! Jumapili nikampigia kwanza kwa video yule mjukuu wa kiume wa Uholanzi, mwenye miaka saba, nikamwambia, "Mijn man," yaani mume wangu. Nikasubiri anikatae. Akamtazama mama yake, akaondoka mbele ya simu. Mwanangu akaishika.

"Mama, huku mtoto haambiwi hivyo. Mke wangu amekwazika."

"Ni utani tu, baba."

"Mie najua, mama. Wao hawajui."

Wale wengine sikuwapigia. Nililia mchana kutwa, na chakula sikukigusa.

Jumapili iliyofuata nilimsalimia kwa adabu, kwa Kiholanzi: hujambo, shule inaendeleaje, umekula nini, yote nikiyasoma daftarini. Mama yake alitabasamu. Mtoto alikaa wima akanijibu swali moja moja, kama yuko kwenye mtihani. Tulipomaliza akaniaga, "Dag, mevrouw."

Sikuhitaji kulitafuta hilo, nilikuwa nalo daftarini. Ndivyo watoto wa kule wanavyomwita mwanamke yeyote wa njiani wasiyemjua.