Wiki Tuliyopimwa Umeme

Enzi zetu pale Keza, nyumba nzima ilikuwa na koroboi moja, na iliheshimiwa kuliko mjomba. Tulisoma tumeizunguka, nywele za mbele zikiungua, na asubuhi ukipenga, kamasi nyeusi tii. Hata maharage yalinukia mafuta ya taa. Ukimaliza hesabu ukabaki unapiga soga, mama alikuja kuipuliza. "Mnamwangazia nani?" Basi tunatoka kucheza mbalamwezini.

Watoto wa leo wanawasha balbu saa saba mchana kutafuta kiatu walichokivaa. Nawacheka, lakini nacheka kwa uchovu, maana sisi kilichotuponza ni adabu ileile ya mama.

Umeme tulioletewa ulikuwa unazidiwa. Kila jioni balbu zinafifia na mashine ya kusaga inagoma. Mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji, nikaliandikia barua shirika la umeme kuomba transfoma kubwa. Wakaja mafundi, wakafunga kwenye transfoma mita inayoandika yenyewe, saa kwa saa, watu tunatumia umeme kiasi gani. Wakasema watarudi baada ya wiki moja, sisi tuishi kama kawaida.

Kama kawaida! Nani anaishi kama kawaida akiwa na mgeni? Nilipita mwenyewe nyumba kwa nyumba: jamani, tunapimwa, tusije tukaonekana wafujaji. Mwenye mashine akafunga mlango. Fundi cherehani akarudia pasi ya mkaa. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee sana, alikula gizani wiki nzima, na akajisifu kwa majirani.

Mafundi walirudi, wakasoma. Mita haikukosea hata kidogo, ilipima tulichotumia. Wakatuambia transfoma iliyopo inatutosha. Nilipowaeleza tulichofanya, kijana mmoja alinitazama kwa huruma.

"Mzee, mita haijui kama mlikuwa mnajibana."

Tangu hapo nimepanda bodaboda kwenda Ngara mjini sijui mara ngapi, kuomba tupimwe upya. Naambiwa tuko kwenye foleni. Nimechoka kujieleza. Mwenye mashine naye alichoka, akaing'oa akaihamisha.

Juzi nilimkuta mama njiani, amejitwisha mahindi, anaenda kusaga kijiji jirani na goti lake bovu. Nikampokea mzigo. Tukaendelea na safari, akauliza.

"Mwanangu, kwani tulikosea nini? Si tuliwaonyesha kwamba mahitaji yetu ni madogo?"

Iliniuma. Zamani mtoto asiyeomba kitu alisifiwa mbele ya wageni, na mama alitulea hivyo kwa jasho lake. Siku hizi usiposema una shida, wanaandika kwamba huna.

"Hatukukosea, mama," nikamjibu, na sikuweza kumtazama usoni.